Kuizima lazima upite disko

Saa nane usiku. Umeme umekatika tangu saa nne, na mama yangu yuko kwenye korido, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika khanga. Anakwenda chooni. Nimeamshwa na kandambili zake zinazoburuza sakafu, nikatoka na tochi mpya, ile ambayo wiki nzima nilikuwa naisifia kama nimeiunda mwenyewe. Nabonyeza mara tatu ili nipate mwanga mdogo.

Kumbe nimebonyeza mara nne.

Korido yote ikaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, kama ukumbini bibi harusi anapoingia. Mama akafumba macho, akarudi nyuma hatua moja, akapiga kisigino kwenye ndoo ya maji ya akiba. Nikabonyeza tena. Tochi ikaanza kuomba msaada wa meli: mifupi mitatu, mirefu mitatu, mifupi mitatu. Nikabonyeza tena. Giza.

Sauti ya mama ikatoka gizani, tulivu kabisa.

"Umeniitia polisi?"

Kisha akaendelea na safari yake, anapapasa ukuta, kama alivyokuwa anafanya vizuri tu kabla sijatokea kumsaidia.

Asubuhi tulicheka. Watoto waliigiza mara tatu mezani. Ila mimi lile swali halikuniacha, na si swali la polisi. Nilikuwa najiuliza: hivi nilinunua nini?

## "Inamulika mpaka Kigamboni"

Niliinunua Kariakoo, saa saba mchana, jua la utosi. Muuzaji alianzia 30,000, tukashushana mpaka 22,000. Tochi yenyewe ni ya alumini nyeusi, inajaa kiganja, kitufe cha mpira kiko kitakoni, na kichwa chake kinavutwa mbele ili mwanga ukusanyike. Inachajiwa kwa waya uleule wa simu. Kijana aliielekeza ndani ya boksi tupu la viatu, akanipitisha: "Hii fulu. Hii nusu. Hii ndogo. Hii ya hatari, mwizi anapofuka. Hii SOS. Dada, hii inamulika mpaka Kigamboni."

Nilitazama ile fulu ndani ya boksi la viatu, nikatoa hela.

Sasa fikiria. Ni nani aliwahi kujaribu mwanga mdogo wa tochi dukani, saa saba mchana? Hauonekani. Kinachoonekana mchana ni kile kinachoweza kushindana na jua, kwa hiyo ndicho tunachonunua, na ndicho wanachotutengenezea. Tochi ni chombo cha giza ambacho sote tunakichagua juani. Nilifika miaka arobaini na ushee bila kuliona hilo.

Nitasema na hili mapema, kwa sababu najua atakuja mtu aniulize tochi ya nini zama hizi. Kweli, tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uwashwe Februari 2024, hatuishi tena kwa ratiba ya mgao kama miezi ile kabla yake. Lakini mvua ikinyesha nguzo inaanguka. LUKU inaisha saa sita usiku. Na mama yangu ana miaka 71, anaamka mara mbili kila usiku, umeme uwepo usiwepo, na hataki taa kubwa iwashwe kwa sababu "inaamsha nyumba".

## Pasi, siyo tochi

Kwenye boksi imeandikwa lumeni 100,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Mwanangu wa kidato cha pili ndiye aliyeliangalia lile boksi kwa jicho la dharau, akachukua kalamu.

Taa ya LED iliyo nzuri kiasi hutoa lumeni kama 100 kwa kila wati moja. Ukitaka lumeni 100,000 unahitaji wati 1,000.

"Mama, hii ni pasi."

Akaendelea, maana alishanogewa. Betri iliyomo ni ile ya lithiamu ya 18650, jina linalotokana na vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ubavuni imeandikwa 9900 mAh, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba. Za kweli za saizi hiyo, hata zile za bei mbaya, zinaishia kwenye 3,500 hivi. Nyumbani nina mizani ya keki, tukaipima: gramu 31. Betri nzuri ya aina hiyo huwa na gramu 45 hivi. Kile kilichopungua ndicho tulichokuwa tunauziwa kwa maneno.

Sina kifaa cha kupima lumeni, ila kuna jaribio la bure ambalo yeyote anaweza kulifanya. Usiku, zima taa, elekeza tochi kwenye dari jeupe la sebuleni, kaa dakika moja utazame chumba. Kisha zima tochi, washa balbu ya kawaida ya LED ya wati 9, ambayo hutoa lumeni 800 hivi. Tochi yangu ya lumeni 100,000 ilipigwa na balbu ya buku mbili na nusu, tena vibaya. Nadhani haifiki hata 400.

Hapo ningeweza kuandika makala ya kulalamika kwamba nimeibiwa, na ingekuwa makala fupi. Tatizo ni kwamba lumeni 400 ni nyingi. Ni nyingi mno kwa korido yangu. Hata wangenidanganya kidogo zaidi, mama angekuwa bado amefumba macho.

## Mbalamwezi mita ngapi

Nilianza kusoma. Mume wangu alidhani nasoma mambo ya mkopo.

Kuna utaratibu wa kupima tochi uliotungwa Marekani mwaka 2009, unaitwa FL1, na kampuni zinazojiheshimu huufuata. Nguvu ya mwanga hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, kwa sababu tochi nyingi huwaka kwa mbwembwe sekunde za kwanza halafu hujipunguza. Muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Maana yake, ukisoma "saa 10", usifikiri ni saa kumi za fulu. Ya kumi unaweza kuwa umeshikilia kitu kinachofanana na jicho la paka.

Na umbali? Umbali unaoandikwa ni pale ambapo mwanga wa tochi umebaki lux 0.25 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), ambao ni karibu sawa na wa mbalamwezi, usiku wa mwezi mpevu na mbingu safi.

Hili nililipenda. Mtu mwenye tochi ya "mita 200" amenunua mbalamwezi iliyo mita 200 kutoka alipo. Na mimi nilichohitaji ni mbalamwezi ileile, ila hapa miguuni pa mama.

## Daftari

Nikafanya jambo la kiwazimu. Nikachukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, nikalitundika kwa kamba karibu na tochi, kwenye msumari wa mlangoni, na kila nilipoitumia tochi niliandika: wapi, kwa nini, mwanga gani. Wiki sita. Wakati mwingine niliandika nikiwa nusu usingizini, kuna ukurasa unasomeka "chooni mende" na hakuna zaidi.

Mara 44 kwa jumla. Mara 19 ni korido, choo, na mtoto mdogo aliyepiga kelele kwamba kuna kitu chini ya kitanda. Mara 11 ni kutafuta: kiberiti, kofuli, dawa ya chawa wa kuku, na LUKU. Ile ya LUKU iandikwe peke yake. Umesimama mbele ya mita, umeshika simu yenye tarakimu 20, unamulika vitufe, na fulu inagonga plastiki ya mita na kukurudia machoni. Nilikosea mara mbili mfululizo. Nikarudi kwenye ndogo, nikaingiza bila shida.

Jikoni mara 8. Mara 4 tu nilihitaji mwanga wa kufika mbali: mbwa walipobweka getini, na siku paka wa jirani alipong'ang'ania juu ya mwembe.

Nne kati ya 44.

Mbili zilizobaki nilikuwa naonyesha wageni.

Tochi yangu ina hatua tano, na kati ya hizo tano, mbili (disko na SOS) sikuzihitaji hata mara moja. Nusu na fulu jicho halizitofautishi sana, na hili nalo lina sababu: macho yetu hayahesabu mwanga kwa mstari ulionyooka. Ili uone mwanga umeongezeka mara mbili, inabidi uongezwe karibu mara nne. Nusu ya fulu ni kama fulu iliyopiga mwayo. Inabaki ndogo. Na ndogo ya tochi hii, gizani saa nane, macho yakiwa yamezoea giza, inakata kama wembe.

Halafu kuna kitufe kimoja. Kila ukibonyeza unasogea mbele: fulu, nusu, ndogo, disko, SOS, kuzima. Hakuna kurudi nyuma. Ukiwa kwenye ndogo unataka kuzima ukalale, lazima upite disko, kisha upite kuomba msaada wa meli, ndipo ufike giza. Nilijaribu kubonyeza haraka haraka ili disko lisionekane. Huwezi. Linaonekana tu.

Mtu aliyepanga hivi hakuwa na mama anayelala chumba cha pili.

## Shanga

Usiku mmoja nilikuwa nanawa kwa maji ya ndoo, tochi nimeilaza kwenye sinki kwenye ndogo. Nikamimina maji kwa kata. Yakashuka kama shanga. Matone yamejipanga angani, yametengana, moja moja, kama uzi wa tasbihi. Nikamimina tena. Shanga. Nikapunga mkono mbele ya mwanga nikaona vidole kumi na vitano.

Nilimwita mume wangu aje aone. Alikuja, akatazama, akasema "mh", akarudi kulala.

Kumbe ndogo ile siyo ndogo. Ni fulu ileile, inayowaka na kuzimika haraka mno kiasi kwamba jicho linadanganyika na kuona mwanga hafifu. Ndiyo njia ya rahisi ya kupunguza. Tochi zilizotengenezwa kwa utulivu hupunguza umeme wenyewe unaokwenda kwenye taa, nyingine hukatakata kwa kasi ambayo huwezi kuigundua. Yangu inakatakata taratibu. Kwa hiyo hata nilipodhani nimekwepa disko, nilikuwa nimewashiwa disko la siri.

Sijui kama lilimuumiza mtu kichwa. Mimi liliniudhi, na kuudhika ni kipimo pia.

## Fundi na waya wa kahawia

Katikati ya wiki ya nne swichi kuu iliungua, fundi akaja jioni. Mimi ndiye mshika tochi. Wasomaji waliowahi kushikia fundi tochi wanajua ni cheo gani. "Hapo. Siyo hapo. Hapo. Sasa unaniziba."

Nyumba yetu imejengwa kwa vipande, nyaya za zamani zimeungana na za kisasa: nyekundu na nyeusi za wakati ule, kahawia na bluu za wakati huu. Nyeusi ya zamani haina moto. Kahawia ya sasa ina moto. Fundi aliinamisha kichwa, akazisogeza kwa ncha ya bisibisi, akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Dada, hii tochi yako inanidanganya. Lete simu."

Nikawasha taa ya simu. Ile iliyokuwa nyeusi pembeni ikawa kahawia.

Alikuwa na tesa yake, hakuna mtu ambaye angekufa. Lakini nilibaki nimeduwaa. LED nyeupe kwa kweli ni taa ya bluu iliyopakwa unga wa njano. Bluu na njano zikichanganyika machoni tunaona nyeupe. (Hiyo bluu ndiyo iliyosumbua watu miaka mingi, na walioipata, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014.) Unga ukiwa wa bei rahisi, wekundu unapungua kwenye mwanga, na kitu chochote chenye wekundu ndani yake kinafifia: kahawia inakuwa nyeusi, nyama inakuwa kijivu, koo la mtoto linaonekana zima wakati linawaka. Kuna kipimo chake, CRI, ambacho jua hupata 100. Tochi za rahisi ziko kwenye 70 hivi, na nzuri hupita 90. Boksi langu, lililojaa nambari kila upande, halikuitaja CRI hata mara moja.

Siku hiyo ndipo shaka ilipokuwa nzito. Kama taa ya simu inaona rangi vizuri kuliko tochi, na simu ninayo mkononi kila saa, basi makala hii ilikuwa imekwisha.

Nikaweka tochi kabatini siku tatu, nikatumia simu peke yake.

Siku ya kwanza nilipika nimeibana simu kati ya sikio na bega kama naongea na mtu, mchuzi ukairukia. Siku ya pili umeme ulikatika saa kumi na mbili, saa tano simu ina asilimia 9, na ndani ya simu ndimo ilimo hela yangu yote ya kesho. Siku ya tatu nilitoka kumwangalia mama usiku. Ili kuwasha taa ilibidi kioo kiwake kwanza, nikaona ujumbe wa kikundi cha shule, nikausoma, nikajibu, nikakasirika, nikakaa macho mpaka alfajiri.

Tochi haina kikundi cha shule. Ikarudi msumarini.

## Kiganja cha mama

Kilichonigeuza kabisa kilitokea bila mimi kupanga. Umeme ulikatika tukiwa tumekaa, mama akasema, "Nipe hiyo polisi yako." Nikataka kumwashia, akaukataa mkono wangu.

Akabonyeza mara moja tu. Fulu. Na kabla haijammulika mtu, kiganja chake kilikuwa kimeshafunika kioo. Vidole vikawa vyekundu kama makaa, unaona mpaka vifundo. Kisha akaachanisha kidole cha shahada na cha kati, kidogo, na mstari mwembamba wa mwanga ukaanguka sakafuni mbele ya miguu yake. Alipofika kwenye kizingiti akafungua zaidi. Alipompita mtoto aliyelala kwenye mkeka akafunga. Kufungua, kufunga. Mimi nilikuwa nahesabu mibonyezo wiki nne nzima, yeye ana hatua zisizohesabika, zote ziko kwenye vidole.

Aliporudi alitaka kuizima. Akaichomeka ndani ya khanga, akaikunja mara mbili, akabonyeza humo humo mpaka ikatulia. Disko lilichezwa tumboni, hakuna aliyeliona.

"Inapata joto," alisema. "Kesho niletee plasta."

Nilileta plasta nyeupe ya dukani, ile ya kitambaa. Tabaka moja, bado kali. Mbili. Kwa tatu akasema basi. Mwanga ukawa wa njano kidogo, mpole, umetawanyika bila kile kiini cheupe katikati, na ndogo yake sasa ilitosha kuona kandambili na isitoshe kumwamsha mtoto. Macho huchukua kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza sawasawa, ya wazee huchukua zaidi, na fulu moja inafuta kazi yote hiyo kwa sekunde. Kwa plasta anakwenda na kurudi na giza lake likiwa zima.

Tochi ya 22,000, iliyopona kwa plasta ya 500.

## Utambi

Nilimuuliza alijifunza wapi. Akaniangalia kama nimeuliza alijifunza wapi kutembea.

Nyumba yetu ya Muheza haikuwa na umeme mpaka nilipokuwa nimeshaolewa. Kulikuwa na koroboi jikoni na chemli chumbani. Chemli ina kile kigurudumu cha ubavuni cha kupandisha utambi. Baba akirudi usiku, utambi juu. Watu wakishakula, unashushwa. Wakati wa kulala unashushwa mpaka mwali unabaki kama punje ya mpunga, bluu, karibu kufa, na unaachwa hivyo usiku kucha pembeni mwa mlango. Nani alikuwa anawasha chemli kwa fulu? Unawasha utambi ukiwa chini, ukipandisha kwa haraka kioo kinapasuka na masizi yanapanda. Mwanga ulianzia mdogo kwa sababu moto haukukupa njia nyingine.

Sisemi turudi kwenye mafuta ya taa. Nilikohoa vya kutosha utotoni.

Baba naye alikuwa na tochi, ya bati, ya betri mbili kubwa za National zilizokuwa zikitengenezwa hapa hapa Dar es Salaam. Zikichoka zilianikwa juani juu ya bati, sambamba na dagaa. Joto liliamsha kile kidogo kilichobaki ndani, ukapata nusu saa nyingine ya mwanga wa chai ya rangi. Swichi yake ilikuwa ya kusukuma. Mbele inawaka, nyuma inazima. Kidole gumba kilijua, hata usingizini, hata mikono ikiwa na tope. Baba alikufa bila kuona disko.

Nimeisikia hoja ya upande wa pili, mume wangu aliitoa. Anasema tochi ile ya baba ilikuwa mbovu: balbu ilikatika, betri ilivuja, mwanga ulifika mlangoni ukaomba kupumzika. Ni kweli. Kama ningepewa ile leo ningeirudisha. Ninachokitaka kinapatikana, nimeshakiona kwenye tochi za watu wengine: inayoanzia chini kabisa, inayokumbuka ulipoiacha, inayozimika kwa kushikilia kitufe, na ambayo disko lake limefichwa mahali ambapo mtu halifikii kwa bahati mbaya. Bei yake ni mara tatu hadi nne ya yangu. Sijainunua. Kila nikitaka kuinunua nasikia "Umeniitia polisi?", nacheka, naahirisha.

Ile chemli bado ipo Muheza. Imening'inia palepale, mama hataki itolewe, na nilidhani ni kumbukumbu tu.

## Msumari

Mama alirudi kwao mwezi uliopita. Wiki moja baadaye umeme ukakatika, nikanyoosha mkono mlangoni bila kutazama, nikashika daftari. Kamba ilikuwepo. Tochi haipo.

Nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeme umekatika?"

"Umejuaje?"

"Ungenipigia saa hizi kwa lipi jingine?"

Nikamuuliza kuhusu tochi. Akasema anayo, alidhani nimempa. Sikumbishia. Nikamuuliza plasta imeshika.

"Plasta nimeibandua."

"Kwa nini tena, mama?"

"Nguruwe wanaingia kwenye mihogo. Nakaa barazani, wakishaanza kufukua nabonyeza mara nne, nawaelekezea. Usiku huo hawarudi."

"Mara nne ni disko."

"Ndiyo hiyo disko."

Nikanyamaza kidogo.

"Na usiku, ukienda chooni, unafanyaje?"

"Chemli ipo."